Tuta ambalo kompyuta haikuliona
Mara ya kwanza kuiga kwa kompyuta mtiririko wa maji kwenye mpunga wa Mbarali, nilimwonyesha mgawa maji wa skimu ya umwagiliaji picha kwenye laptopu yangu: maji yanatoka banioni, yanatandaa mpaka barabarani. Mzee akatazama, akacheka. "Mwanangu, hayo maji yamerukaje tuta langu?"

Programu haikuwa na kosa. Natumia ANUGA, programu huria ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na Geoscience Australia. Unaipakua bure na msimbo wake unausoma mwenyewe, mwingi ukiwa wa Python. Inaigawa ardhi katika pembetatu, na kwa kila moja inakokotoa kina cha maji na mwendo wake wa mlalo: mashariki-magharibi na kaskazini-kusini. Mizizi ya hesabu hizo ni kazi ya Mfaransa Saint-Venant ya mwaka 1871. Mwendo wa juu-chini hauhesabiwi, kwa hiyo maji yanayochapa chini ya lango la banio usiiulize. Usangu, ambako Mbarali ipo, ni uwanda, maji yanaenea mbali na kina ni kidogo. Hapo inatosha kabisa.

Kosa lilikuwa kwenye ardhi niliyoilisha. Nilichukua ramani ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada ya chombo cha anga cha Marekani Februari 2000. Kisanduku kimoja ni kama mita 30 kwa 30, na mwinuko umeandikwa kwa mita nzima nzima. Tuta la mzee tulilipima kwa mpira wa maji, ule wa mafundi ujenzi: sentimita 35. Litaonekana wapi? Tena uwanda wenyewe, badala ya kuteremka polepole, unakuwa ngazi za mita moja moja.

Nikadhani dawa ni pembetatu ndogo. Hapo niliumia. Ukipunguza upande kwa nusu, pembetatu zinakuwa mara nne, na hatua za muda, vile vipande vifupi ambavyo programu husogea navyo, mara mbili, maana wimbi haliruhusiwi kuruka pembetatu nzima kwa hatua moja, na kwenye kina cha mita 1 wimbi hukimbia kama mita 3 kwa sekunde. Kazi ya saa moja inakuwa ya saa nane. Na umeme wetu kipindi cha mvua mnaujua.

Kilichosaidia ni kutembea majarubani. Matuta makubwa nikayachora kama mistari yenye kimo. ANUGA inayapokea kama kuta kwenye kingo za pembetatu, na maji hayavuki mpaka yafike kimo hicho. Vituta vidogo niliviacha, nikapandisha tu namba ya msuguano, ile ya jinsi ardhi inavyoyachelewesha maji, ambayo hata hivyo mpunga mrefu unaihitaji.

Nikamrudia mzee. Safari hii hakucheka. "Hapo sawa. Ila jirani wa juu hufungua maji usiku."

Nikafungua faili, nikaandika: saa sita usiku, lango wazi.