Kilele cha uzito wa mfupa: maana yake kwa msichana wa sekondari

Kilele cha uzito wa mfupa ni kiwango cha juu kabisa cha madini, hasa kalsiamu, ambacho mifupa ya mtu hufikia maishani. Kwa msichana, asilimia 90 hivi ya kiwango hicho huwa imekwisha kujengeka akifikisha miaka 18. Karibu robo ya madini ya mfupa wa mtu mzima huingia katika miaka miwili tu, ile anayorefuka kwa kasi na kukaribia hedhi ya kwanza. Baadaye mifupa hupungua polepole, na hedhi ikikoma uzeeni hupungua mbio. Aliyeishia kilele cha chini hufika mapema kwenye osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi na kuvunjika kwa kuteleza tu.

Ndiyo maana mwalimu anayefungua somo kwa picha ya bibi aliyepinda mgongo hulipoteza darasa. Binti wa miaka 13 hauoni uzee wake. Aonyeshwe kinachojengeka mwaka huu. Urithi una nguvu kubwa, tusimdanganye. Lakini chakula na mazoezi viko mikononi mwake.

Kuanzia miaka 9 hadi 18 anahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Mwambie aandike alichokula jana, kisha ajumlishe. Glasi ya mililita 250 ya maziwa au mashanza (maziwa ya mgando) ina 300 hivi. Kipande cha gramu 30 cha jibini ya Masisi, 200 hivi. Fufu ya muhogo karibu haisaidii kitu. Kwa nyumba nyingi za Bukavu, ambako maziwa ni ghali, tegemeo ni sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mradi waliwe wazima: kalsiamu imo kwenye mifupa. Mnofu wa tilapia uliochambuliwa miiba hutoa sehemu ndogo sana tu ya hiyo. Lengalenga (mchicha) nazo hupotosha hesabu, maana zina kalsiamu nyingi lakini oksalati, kemikali iliyomo kwenye majani yake, huizuia isifyonzwe; shu (kabichi) ina kidogo, ila hufyonzwa vizuri zaidi.

Mfupa huongezeka pale unapogongwa. Kuogelea hakuugongi, kuruka kunaugonga. Huko Kanada watoto wa shule walioruka mara 10, vipindi vitatu kila siku ya masomo, waliongeza madini kwenye mfupa wa paja. Hapa nzango, mchezo wa wasichana wa kurukaruka, inatosha, tena hawahitaji kulazimishwa.

Jua la njiani kwenda shuleni kwa kawaida hutosha kwa vitamini D.

Hedhi iliyokwisha kuanza ikikatika miezi mitatu bila mimba, hasa kwa anayejinyima chakula ili akonde, homoni inayolinda mfupa huenda imeshuka: aende kituo cha afya. Sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu nayo hupunguza madini wakati inatumika, na mengi hurudi ikiachwa. Asiiache kimyakimya, azungumze kwanza na muuguzi kuhusu njia nyingine.