LATRA sio trafiki, na konda hapangi nauli

Kila masika hapa Dar naisikia hii kwa makonda, "leo mvua, Gongo la Mboto buku jero", na watu wanatoa tu kwa sababu wengi wanaamini nauli ya daladala ni kama bei ya nyanya, inapanda na kushuka. Sio kweli jamani. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, na kile ni kikomo, yaani mwenye gari anaweza kutoza chini ya hapo ila juu haruhusiwi, mvua inyeshe, foleni iwepo, hata usiku wa manane. Desemba 2023 walitangaza viwango vipya, ruti isiyozidi kilomita 10 ikatoka 500 kwenda 600, mwanafunzi akabaki kwenye 200 yake.

Na hapo kwa mwanafunzi ndo panaponiuma. Watu wanadhani konda akimpakia mtoto wa shule kamfanyia hisani. Juzi pale Buguruni nimeona katoto ka kama darasa la pili, begi limelowa chapachapa, kameng'ang'ania bomba la mlangoni, konda anakabandua vidole kimoja kimoja, "wanafunzi wameshajaa", na gari ina nafasi! Hakuna aliyesema kitu. Ile 200 ni nauli halali imetangazwa sambamba na yetu.

Halafu kukatisha ruti. Ubavuni imeandikwa Kariakoo - Gongo la Mboto, ikifika Banana konda anagonga bodi, mwisho wa gari, abiria wanashuka wananung'unika kwamba gari ni ya mtu utafanyaje. Gari ni ya mtu ndio, ila leseni inatolewa kwa ruti, mwanzo mpaka mwisho, kwahiyo kukatisha ni kosa. Andika namba ya gari, sehemu na saa, tiketi kama unayo tunza, peleka LATRA. Ukiishia kumlalamikia trafiki unachanganya mambo, trafiki ni polisi, yeye anasimamia sheria za barabarani.

Wengine wanasema LATRA ni SUMATRA iliyobadilishwa jina. Hapana, SUMATRA ilikuwa inasimamia usafiri wa nchi kavu na wa majini, ikagawanywa, ya majini yakaenda TASAC, wakala wa meli, na ya nchi kavu yakabaki LATRA tangu 2019, reli ikiwemo. Hii ya reli wengi hawaijui kabisa, wanadhani TRC, shirika la reli, inajipangia bei, wakati TRC ni mwendeshaji tu na nauli za SGR, ile treni ya reli mpya ya kisasa, mwaka 2024 zilipitishwa na LATRA, Dar mpaka Moro 13,000, Dar mpaka Dodoma 31,000 kwa daraja la kawaida.

La mwisho, mabasi ya mkoani kutembea usiku sio marufuku tena, iliondolewa 2023. Ila mwendo wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa, usiku na mchana, na kile kifaa cha VTS cha kufuatilia mwendo ndani ya basi kinapeleka spidi moja kwa moja LATRA, kwahiyo wewe abiria unayempigia kelele dereva "kanyaga mafuta tumechelewa" unamwambia avunje sheria huku umekaa siti ya mbele kabisa.