Orodha ya Waathirika wa Mafuriko: Yanayompasa Kujua Mkazi wa Kigoma

Wakazi wa kandokando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma hawahitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda na kuingia katika nyumba, mialo na hata sehemu ya bandari, na kwa kuwa maji yake yana mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, ulioko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yakishaingia hayatoki upesi. Jambo ambalo wengi hawajaelezwa ni namna msaada wa Serikali unavyomfikia aliyepoteza makazi, na kwa nini jirani hupata ilhali yeye amekosa.

Jibu mara nyingi limo katika orodha. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, kamati za maafa zipo kuanzia kijiji au mtaa hadi taifa. Ya wilaya huongozwa na mkuu wa wilaya, na uratibu wa kitaifa uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Mahindi, blanketi na magodoro hushuka kupitia ngazi hizo, lakini taarifa hupanda kutoka chini, kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji. Kaya isiyoandikwa huko haionekani wilayani, hata kama shida yake inazidi ya wengine wote.

Wanaoachwa mara nyingi ni wapangaji, kwa kudhani kwamba anayehusika ni mwenye nyumba, ilhali sufuria, unga na godoro vilivyosombwa vilikuwa vyao. Huachwa pia waliohifadhiwa na ndugu, kwa kuwa waandikishaji huanzia kwenye kambi na shule zilizopokea watu. Anayelala kwa shemeji yake huko Mwanga, mjini Kigoma, inambidi arudi mtaa alikotoka ili aandikwe huko.

Wapo pia wale ambao ziwa liliwafikia kidogo kidogo. Katika kazi ya tathmini niliingia nyumbani kwa mama mmoja aliyekuwa ameinua kitanda juu ya matofali, kwanza moja kila mguu, kisha mawili, kisha matatu. Fomu ilidai tarehe ya tukio, naye hakuwa nayo. Tulipomuuliza maji yalivuka kizingiti lini, alikumbuka papo hapo: asubuhi ya Idi, pilau ikiwa jikoni. Tarehe hiyo ilitosha. Nakusihi uandike siku maji yalipovuka kizingiti na siku uliyohama, na upige picha ya alama ya maji ukutani kabla hujasafisha wala kubomoa, kwa maana ukuta uliokwishaondolewa hauwezi kukaguliwa.

Vitambulisho vikipotea, toa taarifa polisi upate hati ya upotevu, kisha uende NIDA kwa kitambulisho cha Taifa, na RITA kwa vyeti vya kuzaliwa. Namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, iandike leo na kuiacha kwa ndugu anayeishi mbali na maji.

Kuna hofu moja ninayoielewa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wengine hunyamaza wakiogopa kwamba kujiandikisha ni kujishtaki. Hapa tutofautishe fidia na msaada. Msaada wa kibinadamu hutolewa kwa sababu mtu ana njaa na hana pa kulala. Hautokani na uhalali wa kiwanja, nao si malipo ya thamani ya nyumba. Kwa maoni yangu, mzazi anayewanyima watoto wake chakula kwa hofu hiyo anajiongezea hasara juu ya hasara.

Kuandikwa hakulipiwi. Anayekuomba hata shilingi mia tano ili jina lako liingie anaomba rushwa. Piga simu TAKUKURU namba 113, bila malipo.

Ukigundua umeachwa, omba orodha isomwe katika mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji, mbele ya majirani wanaojua nani aliishi wapi. Isiposaidia, mwandikie mtendaji wa kata, nakala kwa mkuu wa wilaya, ukitaja idadi ya watu wa kaya yako, mahali ulipoishi, tarehe ya maji na unapolala sasa, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.