Serikali ikipiga marufuku kuchimba bitcoin, ile hela ya kidijitali, mtandao wake unakufa?

Haufi. Unayumba tu, na ukishaelewa kwa nini haufi basi umeelewa maana ya mtandao usio na makao makuu.

Kuchimba ni mashine kubahatisha namba, matrilioni kila sekunde, feni zinapiga kelele na joto kama lote, mpaka namba moja ikubali, ikikubali ndo mwenye mashine anaandika ukurasa mpya wa daftari la miamala, yaani bloku, na analipwa bitcoin. Daftari lenyewe lina nakala kwenye maelfu ya kompyuta duniani, kwa hiyo hata ghala zima likizimwa hakuna mstari uliofutika.

Angalia China 2021. Mwezi wa nne karibu nusu ya nguvu ya kuchimba duniani, yaani uwezo wa mashine zote kubahatisha, ilikuwa kule, mwezi wa tano serikali ikasema basi, mwezi wa sita jimbo la Sichuan, kwenye umeme wa maji, wakaamriwa wazime. Ndani ya wiki chache nguvu ya mtandao ikashuka kama nusu. Bloku iliyozoea kutoka kila dakika 10 hivi ikawa inachelewa, na ukituma hela unasubiri.

Hapa sasa ndo napapenda: programu haijui kitu kinaitwa serikali, inachoona ni bloku zinachelewa tu. Kila zikitimia bloku 2016, kawaida kama wiki 2, inapiga hesabu na kama zimechelewa inalegeza fumbo, yaani namba inakuwa rahisi kupatikana. Tarehe 3 Julai 2021 ugumu wa fumbo ulishuka karibu asilimia 28, haikuwahi kushuka hivyo kabla. Aliyekuwa na mashine Texas akaanza kupata zaidi kwa umeme uleule, mashine nyingi za China zikafungashwa zikapelekwa Marekani, Kazakhstan na kwingine, na mwaka unaisha nguvu ilisharudi pale pale.

Ila marufuku ina madhara yake, tusidanganyane. Wachimbaji wakifukuzwa huku wanarundikana kule, Januari 2022 Kazakhstan ikazima intaneti wakati wa maandamano na nguvu ya mtandao ikashuka tena, maana programu inaweza isiwe na bosi lakini mashine bado inategemea soketi ya ukutani na waya wa intaneti wa nchi ya mtu. Na China kwenyewe, takwimu za Chuo Kikuu cha Cambridge zilionyesha mwezi wa tisa 2021 asilimia 20 na kitu ya nguvu imerudi kule, ila sasa wanachimba kimyakimya.