Je, utumbo huhifadhi uchafu wa miaka unaotuzeesha?

Wengi tumekua tukisikia kwamba mabaki ya chakula hugandamana kwenye kuta za utumbo kwa miaka, yakaoza na kutoa sumu inayozeesha mwili. Kwa hiyo, anayetaka maisha marefu aharishe mara kwa mara ili ausafishe. Imani hii inaeleweka: aliyefunga choo hujisikia mzito kweli, na akipata choo hupata nafuu.

Lakini utumbo si bomba la maji. Seli zinazoufunika utumbo mwembamba hukaa takriban siku 3 hadi 5, kisha hubanduka na mpya kushika nafasi. Hakuna mahali pa ganda kuota.

Umri unaposogea, tatizo huwa kwingine. Kwa baadhi ya wazee tindikali ya tumbo hupungua, na vitamini B12, inayohitajiwa na neva na ubongo, ikiwa imeshikana na protini ya chakula haiachiliwi vizuri, hivyo mwili huikosa. Mtu anakula vizuri, ila miguu inakufa ganzi na kumbukumbu inafifia, halafu tunasema "ni uzee tu". Hilo huniuma, maana kipimo cha damu huweza kuonyesha upungufu huo na tiba ipo.

Ukiuziwa dawa ya kutoa sumu, uliza: sumu gani, kwa jina? Ilipimwaje kabla na baada? Anayeisifu ndiye anayeiuza? Kuharisha kwa kujilazimisha hupoteza maji na potasiamu, ambayo moyo unaihitaji. Choo kikiwa na damu, au kikibadilika kwa wiki kadhaa, muone daktari.