Miche ya chupani: maana ya kuzalisha mimea ya harufu maabara

Uzalishaji wa miche chupani, ambao wengi katika Afrika Mashariki waliujua kwanza kupitia migomba ya tishu, ni njia ya kupata mimea mingi kutoka katika kipande kidogo cha mmea mmoja, kipande hicho kikilelewa ndani ya chombo kisicho na vijidudu juu ya lishe iliyoandaliwa maabara. Kwa mimea ya dawa yenye harufu, kama nanaa, zaatari, kivumbasi na lavenda, njia hii ina sababu yake ya pekee: kinachotafutwa ndani ya jani ni mafuta yake, na mafuta hayo hutofautiana kati ya mmea na mmea hata pale ambapo macho hayaoni tofauti yoyote. Haya si mafuta ya kupikia. Ni mchanganyiko wa kemikali nyepesi zinazopotelea hewani, na ndiyo maana pua huyajua kabla ya mkono kugusa jani.

Zaatari aina ya Thymus vulgaris, inayoota yenyewe kusini mwa Ufaransa, ni mfano uliochunguzwa sana. Ndani ya spishi hiyo moja wataalamu wametambua aina sita za kikemia: baadhi hutoa thimoli au kavakroli, ambazo ni kali na huua vijidudu, na nyingine hutoa linaloli au geranioli, zenye harufu laini ya maua. Ukipanda mbegu zilizokusanywa ovyo unaweza kupata shamba la mchanganyiko, na mnunuzi wa mafuta hataki mchanganyiko. Nanaa kali, ile iliyoipa peremende jina lake, ina shida kubwa zaidi, kwa kuwa ni chotara wa nanaa wawili na ni tasa. Tangu zamani imeenezwa kwa vitawi na mashina yanayotambaa ardhini, jambo ambalo kimsingi ndilo linalofanywa na maabara, isipokuwa maabara hutumia kipande kidogo mno na huondoa uchafu wote.

Kazi yenyewe huanza kwa kukata kifundo chenye chipukizi, kukiosha kwa spiriti na dawa ya klorini, kisha kukiweka juu ya lishe iliyogandishwa kwa agari, yenye madini, vitamini, homoni na sukari, kwa kawaida gramu 30 kwa lita. Lishe inayotumika zaidi duniani ni ile ya wanasayansi Murashige na Skoog ya mwaka 1962, ambayo awali ilibuniwa kwa tishu za tumbaku. Uwiano wa homoni ndio unaoamua mambo: saitokinini ikizidi, machipukizi huongezeka, oksini ikizidi, mizizi hutokea. Kila chipukizi kikikatwa vipande 4 kwa kila mzunguko, mizunguko 6 hufikisha vipande 4,096, ingawa hesabu hiyo ni ya karatasini, kwani daima vipo vinavyooza na vinavyogeuka vyeusi kwa utomvu wao wenyewe.

Swali ambalo watu hulisahau ni kama mche wa chupani una mafuta. Katika nanaa na jamaa zake, mafuta hutengenezwa na kuhifadhiwa ndani ya vitezi vidogo sana vilivyo juu ya ngozi ya jani, kwa hiyo bonge la seli lisilo na umbo, hata likikua haraka namna gani, kwa kawaida hutoa mafuta kidogo au halitoi kabisa, kwa sababu halina mahali pa kuyaweka. Jani likishaumbika, vitezi huonekana na harufu huja, lakini huenda isiwe harufu ya shambani. Katika nanaa kali, jani changa huwa na mentoni kwa wingi, na ni kadiri linavyokomaa ndipo mentoni hiyo hugeuzwa kuwa mentoli, ile inayoleta ubaridi kinywani. Kupima mafuta ya mche mchanga na kuyatangaza kuwa ndiyo mafuta ya mmea ni kuharakisha hukumu.

Kutoka chupani nako si kazi ndogo, kwa maana mche uliozoea hewa yenye unyevu mwingi huwa na ngozi nyembamba na vinyweleo, yaani vitundu vya hewa vya jani, visivyojifunga vyema, hivyo hunyauka haraka usipowekwa chini ya kivuli na plastiki kisha ukafunuliwa kidogo kidogo. Baada ya hapo hupandwa shambani hadi ukomae. Majani yake huvunwa, huchemshwa kwa mvuke, na mafuta yanayoelea juu ya maji hupimwa kemikali moja moja na kulinganishwa na yale ya mmea mama, kwa kuwa baadhi ya miche, hasa iliyopitia hatua ya bonge la seli, hubadilika kidogo njiani bila kuonyesha dalili yoyote kwenye jani.