Damu ya mzee inakwenda wapi?

"Mwanangu, tangu msimu wa korosho uanze wameniongezea damu chupa tatu. Inakwenda wapi?"

Mzee alitoka upande wa Newala, akaniuliza hayo akiwa kwenye benchi la maabara yetu hapa Mtwara, viganja vyeupe pe. Huko alikotoka alikunywa mseto, dawa ya malaria, mara mbili na vidonge vya kuongeza damu kwa miezi, na hakuna aliyeitazama damu yake kwa hadubini. Hilo linaniuma hadi leo.

Picha kamili ya damu ilitoa hemoglobini 6, chini mno. Seli nyeupe chache, chembe sahani zinazogandisha damu nazo chache. Seli nyekundu zilizobaki zilikuwa kubwa kuliko kawaida, ilhali upungufu wa madini ya chuma huzifanya ziwe ndogo. Basi vidonge vile vilikuwa vinatibu nini?

Nikapaka tone kwenye kioo. Kiini cha nyutrofili, aina ya seli nyeupe, kwa kawaida hugawanyika vipande vitatu hadi vitano. Ya mzee ilikuwa na viwili tu, vimeshikana kwa uzi mwembamba mithili ya miwani. Nikaona ya pili, nikaona ya kumi. Nikamwita daktari.

Tulishuku mielodisplasia, ugonjwa adimu wa uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) unaowapata zaidi wazee. Nilimweleza hivi: babu, ni kama mkorosho uliochanua maua tele, korosho hakuna. Uboho unazalisha sana, ila seli zina hitilafu na nyingi zinafia mlemle kabla ya kuingia kwenye damu.

"Kumbe ubwiriunga," akasema, akimaanisha ugonjwa wa ukungu unaoharibu maua ya mkorosho.

Lakini upungufu wa vitamini B12 au foleti, VVU, pombe nyingi na dawa kama zidovudini ya VVU huweza kuiga sura kama hiyo, kwa hiyo hayo huchunguzwa kwanza. Kisha uboho huvutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, na seli changa huhesabiwa. Zikifika 20 katika kila 100, kwa kawaida hiyo ni leukemia kali, saratani ya damu, na takriban theluthi moja ya wagonjwa wa mielodisplasia huishia huko.

Chuma nacho ni hatari. Chupa moja ya damu huja na miligramu 200 hadi 250, na mwili hauna njia ya kukitoa kinachozidi. Kinajilimbikiza kwenye ini na moyo. Vidonge juu yake ni kumwongezea mzee mzigo. Daktari alivisimamisha siku ileile, akaandika rufaa ya Hospitali ya Muhimbili. Mimi nikafunga vioo viwili kwenye karatasi, nikamkabidhi bintiye avibebe mkononi, asiviweke kwenye begi.